Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mionzi iliisha, mama yangu bado yupo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili wa mama mmoja wa Singida, na haya ninayoandika nimemsomea yote kwanza, kasema tuma.

Mwaka 2014 mama akiwa na miaka 58, hedhi imeshakoma siku nyingi, akaanza kutokwa na damu. Majirani wakamwambia ujana umerudi, akakaa kimya miezi minne. Kumbe kansa ya mfuko wa uzazi. Siyo ile ya mlango wa kizazi ambayo wengi tunaijua, hii inaanzia ukuta wa ndani wa mfuko wenyewe, na dalili yake kubwa ndo hiyo damu baada ya hedhi kukoma. Wakatoa kizazi, kisha akapigwa mionzi ya nje, ile ya mashine inayolenga nyonga kutoka nje ya mwili, mara 25, wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu mionzi ya ndani, inayoingizwa ukeni kwa kifaa, mara mbili. Akapona. Waliomtibu Mungu awazidishie, sina deni nao la maneno.

Ninachokuomba kinahusu miaka iliyofuata, maana hapo ndo tulibaki peke yetu.

Mama hawezi kubana mkojo. Haja kubwa nayo ikimjia imekuja, hana dakika mbili. Tukisafiri kwenda Dar kliniki, karibu kilomita 700, anaacha kunywa maji tangu jana yake mchana, na kwenye pochi anabeba khanga mbili na pampasi za watu wazima ambazo ni ghali kweli. Kuchimba dawa porini na goti lake lile ni mateso, na siku moja konda aligoma kusimamisha basi, nikamshika mama mkono mpaka Manyoni hatuongei. Tangu treni ya umeme ianze Dodoma mwaka 2024 afadhali, choo kimo humo humo, lakini Singida mpaka Dodoma bado ni basi.

Siku ya mwisho ya mionzi alipewa kidude cha plastiki cha kutanulia uke, ili njia isije ikajifunga kwa makovu. Akaelekezwa, ila alikuwa amechoka, akili yote iko nyumbani, na aibu juu, hakushika hata neno. Akakizika chini ya sanduku la vitenge. Huku kwetu hakukuwa na mtu wa kumuuliza, na sisi watoto hatukujua kama kipo. Mwaka uliofuata alipopimwa njia ilikuwa imeshaanza kuziba, alilia kwa maumivu mpaka kipimo kikaahirishwa.

Halafu miaka sita baada ya matibabu akaanza kupata damu kwenye choo. Hospitali moja, sitaitaja, wakampa dawa za amiba, zikaisha, wakampa tena, miezi saba. Daktari hakujua kama nyonga hizi zilishapigwa mionzi na mama hakujua kama inahusiana, cheti chake kilishaliwa na mchwa. Mpaka alipopigwa kipimo cha kamera ndo ikaonekana utumbo wa chini umechubuka na mionzi ile ile ya zamani. Miezi saba Mheshimiwa, mtu ameshaandika mpaka wosia akijua kansa imerudi.

Nimesoma sana tangu hapo. Waholanzi waliwafuatilia wanawake 714 wa hatua ya kwanza ya kansa hii, baada ya miaka 15 kwa waliopigwa mionzi ya nje kansa ilikuwa imerudi nyongani au ukeni kwa asilimia 6 hivi, kwa wasiopigwa asilimia 15 na nusu. Kwa hiyo mionzi inafanya kazi, asije mtu akasoma hapa akamkataza mama yake. Lakini miaka ya kuishi haikuongezeka, na waliopigwa ndo walisumbuka zaidi na mkojo na choo, hata baada ya miaka hiyo yote. Wakafanya utafiti mwingine kwa wanawake 427, wakaona kwa wengi wa hatua za mwanzo mionzi ya ndani peke yake inazuia kansa kurudi ukeni karibu sawa na ya nje, na tumbo linasumbuka kidogo. Norwe nao waliwafuata wanawake 568 waliotibiwa kati ya 1968 na 1974, enzi za mashine za zamani, wakakuta waliokuwa chini ya miaka 60 wakapigwa ya nje, kansa nyingine mpya ziliwatokea zaidi. Mama alikuwa na 58. Hakuna anayemwangalia kwa hilo.

Ufuatiliaji wa mama hauhitaji mashine ya mionzi. Kansa hii ikirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, baada ya hapo anachohitaji ni mtu wa kumpima kwa mkono, kumsikiliza, kumuuliza choo na mkojo bila kumtia aibu, na kumwangalia presha, sukari na moyo, maana wanawake wengi waliopona kansa hii huondoka na moyo. Nesi mmoja aliyefundishwa kwenye hospitali ya mkoa angeweza haya yote.

Naomba pia kadi, kama ile kadi ya kliniki ya mtoto, iandikwe alipigwa mionzi gani, kiasi gani, mwaka gani, na dalili zipi zinaweza kuja hata miaka kumi mbele, kwa Kiswahili, ili daktari yeyote wa wilaya akiiona asianze na amiba. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inavyoanza kazi, pampasi na ufuatiliaji wa hawa mama viwekwe kwenye kitita. Mtu akiambiwa kapona bima isimwache mlangoni.

Tunasafiri tena mwezi ujao tarehe 14, basi la saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 13 mchana mama ataacha kunywa maji.

Wako,
Binti wa mama, Singida