Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hifadhi ya Bahari: tunaomba boya moja

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BOYA LA KUFUNGIA MASHUA KWENYE JIWE LA KINYOZI

Salaam na heshima. Hii ni barua yangu ya 4 kwako juu ya jambo hili hili. Zile 3 za mwanzo nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", na nakala ninazo. Hii naitoa hadharani, nami nakuomba usihesabu kwamba nimekuvunjia heshima. Jumamosi iliyopita nilimkata kamba taa manta, yule samaki mkubwa bapa mwenye mabawa, aliyekuwa akifa mbele ya macho yangu, kina cha mita 16, na tangu siku hiyo sijalala usiku mzima.

Nianze na siku unayoikumbuka. Miaka 3 iliyopita ulitutembelea. Ulivaa miwani na mapezi, tukaelea pamoja juu ya jiwe lile ambalo sisi wazamiaji tunaliita Kinyozi. Nilikushika mkono kwa sababu mkondo ulikuwa umeanza kuvuta. Akaja manta jike, mabawa yake yanakaribia mita 4 kutoka ncha hadi ncha, akapita chini yetu mara 3 bila haraka. Ulitoa kichwa majini, ukavua miwani, ukasema, "Kumbe wanakuja wenyewe!" Tulipopanda mashuani ukasimama mbele ya manahodha 11 ukaahidi maboya 5 ndani ya miezi 6, la kwanza likiwa la Kinyozi. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Yule manta uliyemwona ndiye niliyemkata kamba Jumamosi.

Tunamwita Kanga. Kila manta ana madoa tumboni ambayo hakuna mwenzake aliye nayo, na ya huyu yametapakaa kama manyoya ya ndege kanga, kwa hiyo hata mgeni aliyezamia mara 2 anamtambua. Nimemjua kwa miaka 11. Mara 2 nimemwona amefura tumbo, ana mimba. Na mimba ya manta si jambo dogo, Mheshimiwa: hubeba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto 1, kisha hupumzika miaka 2 au zaidi kabla ya kubeba tena. Samaki wengine hutaga mayai kwa maelfu. Kwa manta, akipotea jike 1 umepoteza ukoo.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii, ambao hawajafika chini kule, niseme jiwe hili ni nini. Ni tumbawe moja kubwa la mviringo, linanizidi urefu, limesimama peke yake kwenye mchanga. Tumbawe la aina hiyo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, basi piga hesabu mwenyewe limeanza lini. Juu yake wanaishi visamaki vyembamba vyenye mstari mweusi na buluu, kila kimoja hakizidi kidole. Kazi yao ni kuwasafisha wakubwa. Chewa mwenye uzito wa mtu mzima huja, hufungua mdomo na kutulia, na visamaki vinaingia mpaka kwenye mashavu vikidona wadudu na ngozi iliyokufa. Kasa huja kusafishwa gamba. Na manta huja mmoja mmoja, anapunguza mwendo, anaelea juu ya jiwe kama aliyeketi kwenye kiti, anasubiri zamu yake. Hapa ndipo mzamiaji anapomwona mnyama mkubwa wa bahari kwa dakika 20 nzima bila kumfukuza. Unatulia kwenye mchanga, unapumua polepole, unaacha aje. Nimewaona watu wazima wakilia ndani ya miwani.

Wanakuja pale kwa sababu ya jiwe. Jiwe likivunjika visamaki vinahama, na vikihama hakuna cha kumleta manta. Ndiyo maana nimekusumbua kwa barua 3.

Sasa Jumamosi. Ilikuwa bamvua, na mkondo ulikuwa mkali kuliko tulivyotarajia. Nilikuwa chini na wageni 4 na msaidizi wangu. Kanga alikuwa juu ya Kinyozi, visamaki vinamhudumia. Nikasikia mnyororo. Majini sauti haikwambii inatoka upande gani, inakuzunguka kichwa kizima, kwa hiyo nilitazama juu nikiwa nimechelewa. Nanga ya mashua nyingine ilikuwa imeshatua mchangani, mbele ya jiwe. Haikushika. Mkondo uliivuta mashua, mashua ikaivuta nanga, nanga ikatambaa mpaka kwenye Kinyozi ikajikita, na mnyororo ukaanza kulisugua jiwe kama msumeno. Vumbi jeupe lilipanda. Kipande cha tumbawe chenye ukubwa wa gunia kilianguka huku nakitazama.

Kanga alishtuka akaruka mbele, akaingia kwenye kamba inayounganisha mnyororo na mashua. Manta hajui kurudi nyuma. Kamba ikimgusa pembe zile za mbele ya mdomo hujibiringisha, na kadiri anavyojibiringisha ndivyo anavyojifunga. Naye lazima aende ndipo maji yapite kwenye matamvua yake. Akifungwa akasimama, anakosa hewa kama mimi nikivuliwa mtungi.

Nilimwashiria msaidizi awapandishe wageni. Nikatoa kisu. Kamba ilikuwa imekaza kwa uzito wa mashua nzima, na kila nikikata uzi mmoja Kanga anajipinda ananipiga bawa. Kwenye kina kile wekundu haufiki, damu inaonekana kijani. Niliona kijani kikitoka kwenye bega lake, na kijani kingine kikitoka kwenye mkono wangu, na sikujua kipi kingi. Geji ya hewa ya mtungi wangu ilisoma baa 70 nilipoanza. Kamba ilipokatika ilisoma 20. Alikwenda na kipande cha kamba, yapata pima 1, kimening'inia kwenye pembe ya kushoto. Hatujamwona tena.

Mimi nilipanda bila kusimama zile dakika 3 kwenye mita 5, ambazo mzamiaji husubiri ili gesi imtoke mwilini polepole, kwa sababu hewa ya kusimamia sikuwa nayo. Jioni bega lilianza kuuma kwa ndani, maumivu yasiyosikia kukandwa. Niliwekwa kwenye oksijeni, na daktari amenikataza kuzamia kwa wiki 4. Nalipwa kwa kila kuzamia. Wiki 4 bila kuzamia ni wiki 4 bila kipato, na nina watoto 3 ambao wanakula kila siku. Mke wangu ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: kama ningebaki kule chini, ile ahadi ya maboya ingetekelezwa siku ya mazishi?

Simlaumu nahodha wa mashua ile. Angefunga wapi? Mkondo ule unakuchukua, watu wako wako majini, hakuna boya, kilichobaki mkononi ni nanga. Hata mimi miaka yangu ya mwanzo nilitupa nanga karibu na pale, na najua makovu mawili kwenye jiwe lile ambayo ni yangu. Kuna wanaosema mashua isifunge kabisa, izungukezunguke na injini ikiwaka hadi wazamiaji waibuke. Siku ya maji mafu na upepo mdogo, sawa. Siku ya mawimbi unazungusha propela juu ya vichwa vya watu na juu ya mgongo wa kila mnyama anayepanda. Papa potwe hula karibu kabisa na uso wa maji, na sehemu nyingi duniani wanaonekana na makovu ya propela mgongoni. Mimi nimewaona kwa macho yangu.

Jibu pekee nililowahi kupata kutoka ofisini kwako lilikuwa la mwaka jana, mistari 6, likisema kupungua kwa matumbawe kunatokana na joto la bahari duniani. Mheshimiwa, joto nalijua. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya dunia yaligeuka meupe na mengi yakafa, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la 4 la namna hiyo. Nimeyaona matumbawe yakiwa meupe kama chokaa na nimehuzunika. Lakini joto haliachi mfereji wa mnyororo kwenye jiwe. Tena tumbawe lililochoshwa na joto linahitaji utulivu ili lipone, na sisi tunalipiga vyuma.

Jibu lile lilisema pia kwamba manta ni mnyama anayelindwa. Ni kweli. Mwaka 2013 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kumweka kwenye orodha yao. Orodha za mkataba huo zinahusu biashara ya kimataifa, hazizuii nanga kuanguka.

Kwa nini maboya hayakuja, sijaambiwa, basi nabaki kukisia. Nadhani fedha zilitoka zikaishia kwenye lile bango kubwa la gatini lenye picha ya manta, kwa sababu bango lilisimikwa mwezi ule ule maboya yalipotakiwa kufika. Au labda zabuni ilikwama mezani kwa mtu. Au labda mtu amedhani boya ni mtambo wa gharama za kutisha. Kama ni hilo la mwisho, naomba nieleze, maana kazi hii naijua.

Boya la kufungia mashua halina siri. Tangu 1981 kule Key Largo, Florida, wamekuwa wakitoboa shimo kwenye mwamba uliokufa kwa drili ya chini ya maji, wanatia chuma kisichoshika kutu chenye kitanzi juu, wanamimina saruji, wanaacha igande. Kamba inafungwa kwenye kitanzi, inapanda mpaka kwenye boya, na mashua inafunga juu bila chuma chochote kugusa tumbawe. Kisiwani Bonaire, katika Karibi, ambako bahari yao imehifadhiwa tangu 1979, kutupa nanga kwenye matumbawe ni marufuku na mashua za wazamiaji hufunga kwenye maboya. Kazi inayobaki ni kukagua kamba mara kwa mara na kuibadilisha ikichakaa. Wazamiaji tuko, tutaikagua.

Mtu atasema, na boya nalo si lina kamba, manta hatanaswa? Swali zuri, na sharti liulizwe kabla ya kutoboa. Boya lisiwekwe juu ya Kinyozi. Liwekwe mbali nalo, upande ambao manta hawapiti, na kamba iwe 1 tu, nene, isiyolegea majini. Sisi tunaojua njia zao tutaonyesha mahali. Nilishachora ramani, imo kwenye barua yangu ya 2, ukurasa wa mwisho.

Januari 2013 meli ya kivita ya Marekani ilipanda juu ya mwamba wa Tubbataha, Ufilipino. Wafilipino walishuka wakapima uharibifu, mita za mraba 2,345, wakadai fidia, na mwaka 2015 wakalipwa. Hapa kwetu, tangu Jumamosi, hakuna ofisa hata 1 aliyefika na kamba ya kupimia. Nanga ile bado iko chini, imelala ubavuni mwa Kinyozi na mnyororo wake. Kila maji yakijaa na kupwa mnyororo unasogea, unasugua. Nimekatazwa kuzamia, siwezi kwenda kuutoa. Nimemwomba msaidizi wangu, naye anasema atangoja maji mafu. Wageni wanatuuliza kama manta watakuwepo. Siku zote nilijibu ndiyo. Juzi nilijibu sijui, na wawili wakaomba warudishiwe pesa zao.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mengi: maboya yote 5, doria, kanuni ya umbali kati ya mashua na manta, mafunzo kwa manahodha, na maelezo ya kiingilio cha hifadhi ambacho kila mzamiaji analipa kinakwenda wapi. Yote hayo bado nayataka, na yamo kwenye barua zilizopigwa muhuri. Lakini leo nayaweka pembeni ili pasiwe na sababu ya kusema maombi ni mengi.

Naomba boya 1. La Kinyozi. Bamvua ijayo iko siku 9 mbele, na mashua zitakuja, na manahodha watakuwa na nanga tu. Kama boya haliwezi kufika ndani ya siku 9, basi toa amri ya maandishi kwamba hakuna mashua kutupa nanga pale mpaka liwekwe, na utume mtu wa kuutoa mnyororo ule. Lakini boya, Mheshimiwa. Lile lile uliloliahidi ukiwa bado unadondoka maji.

Daktari akiniruhusu, nitashuka mwenyewe kushika drili, bila malipo. Kanga akirudi nitakuandikia, na hiyo itakuwa barua fupi.

Wako mtiifu,

Kiongozi wa wazamiaji, yule aliyekushika mkono