Polisi watumie Kiswahili kwenye kaunta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini kwetu sisi wakazi wa Bonde la Ufa, ambako Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii na Mluhya wamepakana shamba kwa shamba, ndilo huamua iwapo mtu aliyedhulumiwa atakwenda kituo cha polisi au atanyamaza: lugha anayoizungumza afisa aliye kwenye kaunta.

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mjane wa makamo ya mama yangu, kwenda kuripoti wizi wa mitamba wake wawili. Tulimkuta afisa kijana, mwenye adabu, akaanza kutuandika vizuri tu. Kabla hajamaliza aliingia mzee mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba, akamsalimu afisa kwa lugha ya kwao, na wawili hao wakazama katika maongezi ambayo sisi hatukuambulia hata neno. Huenda walikuwa wakijuliana hali. Huenda mzee alitaka tu kujua OCS, yaani mkuu wa kituo, atarudi saa ngapi. Lakini nilimwona mama yule akiikunja leso yake na kuikunjua, kisha akaninong'oneza: "Twende, mwanangu. Hapa si petu." Tukaondoka bila nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio.

Asiyeijua historia ya huku atasema mama alikuwa na wasiwasi wa bure. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliorodhesha vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kwa aliyeshuhudia siku zile, lugha inayosemwa na mtu mwenye bunduki si jambo la kupuuza.

Sikatai kwamba mengi yamefanywa. Kifungu cha 246 cha Katiba ya 2010 kinataka polisi watoke katika maeneo na makabila yote ya nchi, mamlaka ya IPOA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili raia wapate pa kuwashtaki maafisa, na mwaka 2018 tukaletewa hata sare mpya za buluu (nadhani katika mageuzi yote, kitambaa ndicho kilichobadilika upesi zaidi). Wapo pia wanaotutajia mfano wa Ireland Kaskazini, ambako tangu mwaka 2001 hadi 2011 nafasi za ajira za polisi ziligawanywa nusu kwa nusu baina ya Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na idadi ya maafisa Wakatoliki ikapanda kutoka takriban asilimia 8 hadi karibu asilimia 30. Ni mfano mzuri, ila Mkatoliki na Mprotestanti wa Belfast wanaelewana kwa lugha moja. Kituo chetu kinaweza kuwa na maafisa wa makabila kumi, na bado kila mlalamishi akasubiri zamu ya "mtu wake" ndipo aende. Asiyempata humpelekea habari mzee wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama, wa kabila lake, na huko habari hugeuka uvumi. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, uvumi huo ndio utakaotangulia.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Inspekta Jenerali aagize kwamba maafisa walio kwenye kaunta wahudumie watu kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na kwamba mlalamishi asomewe kilichoandikwa kabla ya kupewa nambari yake ya OB. Bibi kizee asiyejua Kiswahili asikilizwe kwa lugha yake, hilo ni haki yake, lakini afisa awaeleze waliopo kwamba anamsaidia asiyejua, kisha taarifa yake ichukuliwe faraghani kama ya mwingine yeyote. Maafisa wakiwa peke yao wanywe chai kwa lugha wanayoitaka.

Jirani yangu nimemwomba mara mbili turudi kituoni. Mara zote mbili amenijibu kwamba kufikia sasa mitamba hao wameshachinjwa.

Mkazi wa Kaunti ya Nakuru