Barua kwa mdogo wangu: Wale wa Veda hawakuwa na hekalu

Mdogo wangu, habari za masiku,

Ile siku tunapita Kisutu ukayaona yale mahekalu ya Wahindu ukasema "hawa tangu enzi na enzi dini yao ni masanamu tu", nilinyamaza sababu tulikuwa na haraka ila iliniuma, acha nikuandikie.

Mababu wa ile dini, wale tunaowaita wa Veda kwa sababu ya nyimbo zao takatifu zinazoitwa Veda, miaka kama 1500 mpaka 1000 kabla ya Kristo, kule Punjab ambayo saivi imegawanywa Pakistan na India, walikuwa wafugaji, utajiri wao ng'ombe na farasi, na hekalu hawakuwa nalo. Sanamu nazo kwenye ibada zao huzioni. Walikuwa na moto. Wanaandaa sehemu palepale walipo, wanawasha, wanamimina samli, makuhani wanaimba, wakihama wanahama na ibada yao. Na moto wenyewe ndo mungu, Agni, anayepokea sadaka na kuwafikishia miungu wenzake, yani Rigveda, mkusanyo wa zamani kuliko zote katika hizo Veda, wenye nyimbo 1,028, neno lake la kwanza kabisa ni jina lake! Nyimbo zote hizo zilikaa kichwani karne na karne, baba anamkaririsha mtoto silabi kwa silabi, bila kuandika.

Anayesifiwa kuliko wote ni Indra, aliyemuua joka Vritra aliyekuwa ameyafungia maji, na mtu yeyote aliyewahi kuona mifugo inakufa kwa ukame anaelewa kwanini waliimba vile. Waliomba vitu vya hapahapa, ng'ombe, watoto wa kiume, mvua, umri mrefu.

Ila wimbo ulionishika mimi ni wa Varuna, mlinzi wa utaratibu wa ulimwengu ambao wao waliuita rita. Mshairi anamlilia, nimekukosea nini mpaka umenikasirikia mimi rafiki yako, alafu anaungama kwamba haikuwa kusudi, ni pombe, ni hasira, ni kamari, ni kutofikiri. Mdogo wangu, hiyo ni toba, ya mtu wa miaka elfu tatu nyuma, na mimi na wewe tunawajua watu nyumbani kwetu waliolia hivohivo.

Masanamu na mahekalu yalikuja baadae, karne nyingi mbele. Moto haukuondoka lakini, mpaka leo kwenye harusi ya Kihindu bwana na bibi harusi wanauzunguka, Agni yuleyule ndo shahidi yao.

Dada yako