Daftari lile usilitupe

Nottingham, Uingereza

Mama yangu,

Shikamoo. Mugonile? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu; ile ya Tukuyu ya mwezi wa saba ni cha mtoto.

Juzi kwenye simu uliniuliza tena, mama mdogo akisikia: "Hiyo kompyuta unayosomea miaka yote, mbona simu yangu ikizima huwezi kuitengeneza?" Mlicheka, nami nikacheka. Mama, mimi si fundi. Nawatazama watu wakifanya kazi pamoja, nione kompyuta inawasaidia wapi na inawakwamisha wapi. Si mambo ya jana haya. Mwaka 1968 Mmarekani Douglas Engelbart alisimama mbele ya umati San Francisco, akafanya kazi kwenye kioo kimoja cha kompyuta na mwenzake aliyekuwa mji mwingine, huku wakionana.

Sasa lile linaloniuma. Unakumbuka programu niliyokiletea kikoba chenu? Wiki tatu tu, mkaiweka pembeni. Nilinuna, nikajisemea kina mama wa Rungwe hawapendi mabadiliko. Mwaka huu nimepewa darasa la kufundisha, na wiki ya kwanza tulisoma makala ya Jonathan Grudin ya 1988: programu nyingi za vikundi hufa kwa sababu anayebebeshwa kazi siye anayefaidika. Nimesimama pale mbele ya wanafunzi, nikakuona wewe katibu, saa nne usiku, miwani imeshuka puani, unaingiza hisa za watu wote kwa kidole kimoja, hisa zile zile ulizokwisha kuziandika mchana kwenye daftari. Ripoti nzuri akapata mwenyekiti. Wewe ukapata macho mekundu. Nisamehe, mama.

Na kuna kosa kubwa zaidi. Sanduku lenu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa kwa sauti mpaka wa nyuma kabisa asikie. Mimi niliona huko ni kupoteza muda, nikaihamishia hesabu ndani ya simu yako. Kumbe watafiti Christian Heath na Paul Luff walikuta jambo la namna hiyo kwenye chumba cha kuongozea treni za chini ya ardhi London: mfanyakazi anasema kwa sauti anachofanya, na wa pembeni anajipanga bila kuambiwa. Ile sauti ndiyo iliyokuwa ulinzi wenu, nami nikainyamazisha.

Mwezi wa sita nakuja. Sileti programu. Nitakaa nyuma ya benchi nitazame, wenzako wakikubali, waulize kwanza. Chuo kinataka kila mtu asaini karatasi ya ridhaa, na najua bibi wa jirani atauliza kama anauza shamba. Mweleze taratibu.

Mkataba wangu wa kazi ni wa miaka miwili tu. Hilo baba asilijue kwanza, atauza ng'ombe bure.

Daftari la zamani, lile lililomwagikiwa chai, usilitupe. Nataka nione ulivyokuwa ukisahihisha pembeni kwa kalamu nyekundu. Na simu ikizima tena mpelekee fundi wa pale stendi. Nimetuma elfu kumi.

Ndaga fijo, mama.

Mwanao,
Tumpe