Goti linaloliwa kutoka ndani

Mhariri,

Kipupwe kikiingia, huku Mbeya na Makete goti likiuma lawama zote hupewa baridi. Baridi huweza kuongeza kukakamaa kwa kiungo, lakini haili gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kinachosahaulika ni utando mwembamba uliofunika kiungo kwa ndani, unaotengeneza ute wa kulainisha.

Utando huo ukivimba hunenepa, ute wake huwa mwepesi na kupoteza utelezi, na seli zake humwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, nyuzi za protini zinazoshikilia gegedu. Vipande vinavyomeguka huelea kwenye ute, utando huvimeza, nao huvimba upya. Ndipo goti hujaa maji. Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu wala ya damu, hivyo haliumi, wala halijijengi vizuri likishaharibika. Maumivu hutoka kwenye utando na mfupa.

Diklofenaki ya kila siku, dawa ya maumivu inayonunuliwa kama pipi, hutuliza tu huku ikihatarisha tumbo na figo. Sindano za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe inayochomwa gotini, zikirudiwa kila miezi 3 kwa miaka 2 zimeonekana kulipunguza gegedu zaidi. Afadhali kupunguza uzito: ikitoka kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa takriban kilo 4 kila hatua. Paja nalo liimarishwe: kaa kitini, nyoosha mguu, shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Fimbo ya kutembelea ishikwe mkono wa upande usiouma. Wengi hukosea hapo.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Mbeya