Historia ya shule isiishie kwenye orodha ya wakuu wa shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja yangu kuhusu kitabu cha maadhimisho kinachoandaliwa na shule moja ya sekondari ya serikali hapa mjini Mtwara, ambako nilisoma mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa mujibu wa taarifa tuliyosomewa wanafunzi wa zamani, kitabu hicho kitakuwa na majina ya wakuu wa shule tangu mwanzo, majina ya viongozi waliopitia hapo, na takwimu za ufaulu wa miaka ya karibuni. Sina ugomvi na hayo, ila nasema kwa heshima kwamba kitabu cha namna hiyo kingeweza kuandikwa kuhusu shule yoyote, iwe ya Tabora au ya Moshi, kwa kubadilisha majina tu.

Shule za Kusini zina historia yake. Ndanda, alikopita hayati Benjamin Mkapa, ilianzia mikononi mwa Wabenediktini, na Chidya mikononi mwa Waanglikana, kabla ya Serikali kuzitwaa kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mji wa Mtwara nao, ukiacha Mikindani ambayo ni ya kale, umekua kutokana na mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakajenga reli ya kwenda Nachingwea, wakaufuta mwaka 1951, na bandari ikafunguliwa mwaka 1954 karanga zenyewe zikiwa hazipo. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Sisi tuliamshwa alfajiri kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwembe nyuma ya bwalo, na mlinzi aliyekigonga kwa nondo alikuwa amewahi kufanya kibarua kwenye reli hiyohiyo. Alikuwa na mapigo yake: ya mchakamchaka, ya paredi, na ya chakula, ambayo aliyagonga kwa haraka zaidi kuliko mengine kwa sababu alijua hali zetu. Nashindwa kuelewa ni kwa kigezo gani mzee huyo anakosa nafasi kitabuni, ilhali mkuu wa shule aliyekaa mihula miwili na kuhamishwa anawekewa picha.

Vivyo hivyo safari. Wakati huo Serikali iliwapangia wanafunzi shule za mbali na kwao na kuwapa waranti za kusafiria bila nauli, kwa hiyo bweni moja lilikuwa na kijana wa Newala, wa Bukoba na wa Iringa, wakitaniana usiku kucha mpaka kiranja apige kelele. Aliyetoka kaskazini alipaswa kuvuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, kwa kuwa Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na masika yakiwa makali barabara ilifungwa, akabaki njiani siku nyingi akila alichokuta. Mwalimu wetu wa zamu alikuwa mkali sana kwa wachelewaji, lakini kwa hao hakuwa na swali. Katika daftari la mahudhurio, safu ya sababu, aliandika neno moja tu, «Ndundu», akafunga daftari.

Kitabu kiseme pia yale yasiyopendeza. Shamba la mikorosho tulilolima kwa jina la Elimu ya Kujitegemea lilitufunza kazi, sikatai, lakini wapo waliochapwa kwa kukutwa na korosho mfukoni, na mapato yake hatukusomewa hata mara moja. Na baada ya shule kuanza kupokea wasichana, waliopata ujauzito walifutwa wakiwa hawana pa kulalamikia, kwa kuwa ruhusa ya kurudi darasani ilikuja kutolewa na Serikali mwaka 2021. Hao nao ni wanafunzi wa zamani. Sijasikia kwamba yupo aliyealikwa kwenye vikao.

Linalonifanya niandike sasa, na si baada ya sherehe, ni hali ya kumbukumbu zenyewe. Mwaka jana niliongozana na mzee mmoja aliyehitaji uthibitisho kwamba alisoma hapo. Yeye alifanya mtihani kabla ya Baraza la Mitihani la Tanzania kuundwa mwaka 1973, na cheti chake kilipotea, hivyo tegemeo lake lilikuwa daftari la kuandikishia wanafunzi. Tulionyeshwa stoo iliyo kando ya jiko. Madaftari yalikuwa chini, juu ya sakafu yenye unyevu, yamerundikwa pamoja na madawati mabovu, na lile tulilolitafuta lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia jalada hadi herufi M. Jina la mzee linaanza na H.

Madaftari hayo si mali ya mtunza stoo. Ni kumbukumbu za umma, na tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inayotaka zitunzwe. Naiomba bodi ya shule, kwa kushirikiana na Manispaa, iyatoe madaftari hayo stoo na kuyaweka kwenye kabati la chuma mahali pakavu, kisha kila ukurasa upigwe picha, kazi ambayo siku hizi kijana mwenye simu nzuri anaimaliza kwa likizo moja. Kamati ya maadhimisho nayo isogeze mbele uchapaji wa kitabu, itume watu Mikindani, Naliendele na Masasi wakawahoji wapishi, walinzi na matroni wastaafu ambao bado wako hai, kwani sherehe inaweza kufanyika bila kitabu na kitabu kikafuata.

Mimi ninazo picha mbili, moja ya timu ya mpira ya bweni letu na nyingine ya siku ya mavuno ya korosho. Nitazikabidhi kwa kamati mara itakapotueleza zitawekwa wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa zamani,
Shangani, Mtwara