Usafi wa Jumamosi nyumbani kwa mweka hazina wetu, mtaani Migosi

Habari zenu wapendwa. Fundi amemaliza kupiga msasa kuta za jipsamu, na vumbi jeupe limejaa hadi kwenye bawaba za milango. Mtoto wa dada yetu mweka hazina ana pumu, hivyo tusimwachie mama yake kazi hii peke yake. Tukutane Jumamosi, saa mbili asubuhi.

1. Kila mtu aje na barakoa, ndoo na matambara mawili.
2. Shilingi 100 za chai, nitumieni.

Tafadhali, asifagie mtu! Ufagio mkavu hurusha vumbi likatua tena. Tutaanza juu tukishuka, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kikilowa sana huacha uji mweupe ukutani. Maji machafu tumwage nje, maana jipsamu hutuama na kuziba bomba la sinki.

Nani anakuja? Jibuni kufikia Alhamisi jioni.